Mguu wa farasi umevunjika: dalili, chanzo na la kufanya kabla na baada ya upasuaji

Farasi mzima ana kilo 450 hadi 550, na hakuna namna ya kumlaza miezi miwili mfupa ukiunga. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Mfupa wake huunga kama wa mnyama mwingine yeyote, ila yeye hutaka kuusimamia siku ile ile aliyopasuliwa. Nimewatunza wa kutosha kujua kwamba farasi akishatoka salama chumba cha upasuaji, kinachomrudisha nyuma mara nyingi si pale palipovunjika. Ni ule mguu wa pili, ni tumbo, ni kidonda kilichojificha ndani ya plasta. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata kile unachokiona ukiwa umesimama mlangoni mwa banda, si majina ya mifupa.

Kwanza chukua chaki uandike mlangoni vipimo vya farasi aliyetulia: joto la mwili nyuzi 37.2 hadi 38.3, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Chini yake andika vya farasi wako, asubuhi na jioni. Saa tisa ya usiku hakuna anayekumbuka namba.

Jana mzima, leo hakanyagi

Mguu mmoja umeinuliwa, ncha ya ukwato tu ndiyo inayogusa chini, na ukimsogeza anaruka kwa miguu mitatu. Kila mtu bandani anaanza kuombolezea mfupa. Mara nyingi si mfupa. Chanzo cha kawaida kabisa cha dalili hii ni jipu ndani ya ukwato: usaha umekusanyika chini ya soli, hauna pa kutokea, na ukuta wa ukwato hautanuki.

Weka kiganja kwenye ukwato huo, kisha kwenye wa upande wa pili, ulinganishe joto. Halafu weka vidole viwili nyuma ya kifundo, kile kiungo kinachojitokeza juu ya ukwato, pembeni, pale unapohisi kitu kama uzi mnene kinateleza chini ya ngozi. Mshipa wa damu umo humo. Kwa farasi mzima mapigo hayo unayatafuta kwa shida. Mwenye jipu yanadunda kama mtu anayebisha hodi. Daktari au fundi wa kwato akibana soli kwa koleo lake, farasi atauvuta mguu pale pale penye usaha, na jipu likipasuliwa nafuu huja haraka, wakati mwingine kabla vifaa havijafungashwa.

Mfupa una tabia nyingine. Farasi hutoka jasho asipofanya kazi, mapigo ya moyo hupanda, uvimbe hujitokeza juu ya ukwato, na kuna sehemu moja ambayo ukiigusa kwa kidole anakutafuta kwa meno. Pengine unasikia msuguano, au mguu unacheza pasipo na kiungo.

Kuna mtego mmoja. Mfupa ulio ndani ya ukwato wenyewe ukivunjika, dalili zake ni zile zile za jipu: joto, mapigo, maumivu kwenye koleo, wala hakuna uvimbe, kwa sababu ukuta wa ukwato umeuficha. Basi ukiona soli imechimbwa mara moja, usaha haukutoka, na siku ya pili hakuna nafuu, acha kuchimba. Omba picha ya eksirei. Nimeona ukwato uliochongwa siku tano mfululizo kutafuta usaha ambao haukuwepo, na mwishowe farasi akawa na matatizo mawili.

Amepigwa teke, ana kijeraha kidogo, lakini anatembea

Hii ndiyo dalili inayodharauliwa kuliko zote. Farasi wawili wamegombana, mmoja ana mkato wa sentimita mbili upande wa ndani wa mguu, juu ya goti la mbele au juu ya kiungo cha nyuma. Pale mfupa umefunikwa na ngozi tu. Saisi, yaani mtunza farasi, anaosha, anapaka dawa, anamrudisha malishoni kwa kuwa hachechemei sana.

Teke la namna hiyo laweza kuacha ufa mwembamba usioonekana hata kwenye picha ya siku ya kwanza. Mfupa umeshikamana, ila umeshikamana kama sahani iliyopasuka ambayo haijaguswa. Utaachana siku farasi atakapolala na kujisukuma kuinuka, maana kuinuka ndiko kunakoutia mfupa nguvu kubwa.

La kufanya: asitoke bandani, picha ipigwe pande zote na irudiwe baada ya siku 7 hadi 14. Kufikia hapo kingo za ufa zimeanza kuliwa na mwili wenyewe, na mstari mweusi huonekana. Wakati wa kusubiri, daktari anaweza kuagiza afungwe kwa kamba mbili za juu ili asiweze kulala. Si ukatili. Farasi ana mfumo wa kano unaomruhusu kusinzia wima, na wengi wamevumilia wiki kadhaa hivyo. Ila anayefungwa kichwa juu hawezi kutoa uchafu wa mapafuni. Mara kadhaa kwa siku simama naye, mfungulie, mwache ainamishe kichwa hadi chini. Kikohozi pamoja na homa wakati huu ni mapafu hadi ithibitike vinginevyo.

Anachechemea baada ya mazoezi makali, picha ni safi

Kwa farasi wa mbio, mfupa huchoka kabla haujavunjika. Picha safi haimaanishi mfupa mzima. Kwa dalili hii daktari hurudia picha baada ya wiki mbili, au hutumia kipimo cha skani kinachoonyesha mahali mfupa unapofanya kazi kupita kiasi ya kujitengeneza.

Jambo moja la kukataa: kama kuna shaka ya ufa, mguu usitiwe ganzi ili kutafuta mahali pa maumivu. Maumivu ndiyo yanayomzuia asiukanyage. Ukiyaondoa, atautupia uzito wote, na ufa utageuka vipande viwili mbele ya macho yako.

Mguu umepinda au unaning'inia

Hapa dakika 20 za kwanza zina uzito kuliko daktari mpasuaji. Usimtembeze. Gari lije alipo, hata kama ni kubomoa uzio. Mpe mtu mtulivu ashike kichwa, kwa sababu farasi aliyepoteza mguu huogopa mguu kuliko anavyouhisi: anautupa huku na huku akitafuta mahali pa kuuweka, na kila anapoutupa ncha ya mfupa inakaribia kutoboa ngozi. Sehemu ya chini ya mguu haina nyama ya kuukinga, na mfupa ukishatoka nje matumaini yanapungua sana.

Akishafungwa banzi, yaani kipande kigumu cha kuushikilia mguu, na kuhisi umetulia, farasi naye hutulia, mara nyingine hata bila sindano. Dawa ya kumtuliza iwe kidogo. Farasi anayeyumba kwa miguu mitatu ataanguka.

Banzi lifungwe juu ya bandeji nene ya pamba, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikazwa kuliko iliyotangulia. Mbao, au bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, vinafaa. Jinsi ya kulifunga hutegemea mahali. Palipovunjika ni kifundo au chini yake, banzi liwe mbele kwa mguu wa mbele, nyuma kwa mguu wa nyuma, na ukwato uelekezwe chini hadi mifupa ikae mstari mmoja kama mcheza dansi aliyesimama kwa vidole. Ni muundi wa mguu wa mbele, yaani mfupa mrefu kati ya goti na kifundo, yanatakiwa mabanzi mawili, la nyuma na la nje, hadi kwenye kiwiko. Ni juu ya goti, la nje lazima lipande hadi begani, vinginevyo mguu utatanuka nje na kutoboa ngozi ya ndani. Kosa baya ni banzi linaloishia pale pale palipovunjika. Hilo linakuwa mtaimbo, na heri kusingefungwa kitu.

Dalili moja inayowachanganya watu ni kiwiko kilichoshuka, goti limekunjika, na farasi hawezi kuunyoosha mguu. Ikiwa ni mfupa wa ncha ya kiwiko uliovunjika, msuli unaokinyoosha kiwiko hauna pa kujishikilia, na goti nalo hukunjika. Fungia banzi nyuma ya goti kulinyoosha tu, na ghafla atausimamia mguu.

Kwenye gari, aliyevunjika mguu wa mbele asafirishwe akitazama nyuma, na wa nyuma akitazama mbele. Breki kali zimtupie uzito miguu mizima. Kichwa kisifungwe kifupi, ni mizani yake.

Je, apasuliwe?

Swali la kumuuliza daktari si "utaunga?" bali "ataukanyaga lini?" Upasuaji mzuri kwa farasi ni ule unaomwezesha kusimama kwa miguu minne siku ile ile. Usipoweza hilo, mguu wa pili ndio utakaolipa.

Kipande kidogo kilichobanduka ndani ya kiungo hutolewa kwa kamera nyembamba, na wengi hurudi kazini. Vifupa vyembamba vya pembeni mwa muundi, ikiwa kimoja kimevunjika upande wa chini, kipande huondolewa tu. Ufa unaopanda kutoka kifundoni kwenda kwenye muundi hubanwa kwa skrubu. Ule wa upande wa nje hutabirika, wa upande wa ndani una tabia ya kupanda ukijizungusha, na madaktari huuogopa zaidi. Baadhi ya nyufa hizi siku hizi hubanwa farasi akiwa wima, kwa ganzi na dawa ya kumtuliza, ili kuepuka hatari ya kuamka. Mifupa ya juu ya ukwato iliyosagika yaweza kushikiliwa kwa mabamba na kiungo kikagandishwa moja kwa moja. Farasi ataishi, hataruka viunzi.

Mfupa mkubwa wa juu ya goti, au wa juu ya kiungo cha nyuma, ukivunjika kabisa kwa farasi mzima, ukweli ni mgumu: wengi huhitimishwa hapo, yaani huuawa kwa dawa ili wasiteseke. Kwa mtoto wa farasi habari ni tofauti, kwa kuwa ni mwepesi na mfupa wake huunga haraka. Ukiambiwa hakuna njia, usimchukie daktari aliyesema. Mchukie anayekuambia kila kitu kinawezekana bila kukueleza wiki ya tatu inafananaje.

Anaamka vibaya

Farasi ni mnyama wa kukimbia adui. Akifumbua macho na kujikuta chini, anataka kusimama mara moja, kabla miguu haijawa yake. Tarehe 6 Julai 1975, Ruffian, farasi jike wa mbio aliyekuwa hajawahi kushindwa, alivunjika vifupa vya nyuma ya kifundo cha mguu wa mbele wa kulia akishindana na farasi dume Foolish Pleasure kwenye uwanja wa Belmont Park, New York. Alipasuliwa usiku huo. Alipoamka alirusha miguu kana kwamba bado yuko mbioni, akaharibu kazi yote, na akahitimishwa.

Ndiyo sababu hospitali kubwa hutumia chumba chenye kuta laini, kamba kwenye kichwa na mkia, au boya ndani ya bwawa ambamo farasi akipiga mateke anapiga maji. Barbaro, farasi aliyeshinda mbio za Kentucky Derby ya 2006, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia kwenye mbio za Preakness tarehe 20 Mei mwaka huo. Daktari mpasuaji Dean Richardson wa New Bolton Center, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alimfunga bamba na skrubu 27, kisha akaamshwa kwenye bwawa kwa usalama. Huyo tutamrudia.

Kama farasi amesimama lakini mguu mmoja wa mbele, ambao si uliopasuliwa, umelegea na kiwiko kimeshuka, usikimbilie kusema umevunjika. Angalia alilazwa ubavu gani. Uzito wake mwenyewe juu ya meza huweza kubana neva au kunyima msuli damu. Msuli ulio mgumu kama ubao, jasho la sehemu moja na mkojo wa rangi ya kahawa huonyesha msuli umeumia. Dripu, dawa ya maumivu, na banzi la kunyoosha goti ili asimame. Wengi hupata nafuu ndani ya saa au siku chache. Picha ipigwe hata hivyo.

Homa siku za mwanzo

Nyuzi 38.6 usiku wa kwanza hazinishtui. Zikidumu hadi siku ya tatu, au zikishuka kisha zipande tena, natafuta kwa utaratibu huu: shingo, kifua, tumbo, mguu. Naanza na shingo kwa sababu ni ya haraka. Pale sindano ya dripu ilipokaa, mshipa ukiwa mgumu kama kamba na una joto, umeziba na pengine una wadudu, sindano itoke. Kifua ni kikohozi, pumzi za haraka, makamasi yenye harufu, hasa kama alisafiri mbali kichwa kikiwa juu. Tumbo lina sehemu yake huko chini, penye kinyesi. Kuhusu mguu, uvimbe unaopungua siku hadi siku ni wa kawaida, lakini unaoongezeka baada ya kupungua, ukiwa na majimaji ya njano, si wa kawaida.

Plasta: joto, harufu na nzi

Plasta ngumu, ambayo wengi huiita piopi, ni sanduku usiloweza kulifungua kuchungulia. Kwa hiyo unaisoma kwa nje. Kila asubuhi pitisha kiganja juu ya plasta yote, polepole, kutoka juu hadi chini, bila glavu. Huwa na ubaridi wa ukuta. Ukifika mahali pamoja penye vuguvugu, chora duara kwa kalamu ya wino na urudi baada ya saa mbili. Duara likiwa bado na joto, mpigie daktari.

Vidonda hupenda sehemu zile zile: nyuma ya kifundo, kwenye visigino vya ukwato, na mbele ukingoni pa juu, ambapo plasta hukata ngozi kila farasi anapoegemea mbele. Nusa. Angalia nzi pia: wakijazana sehemu moja ya plasta kavu, wamekutangulia kujua. Farasi anayeitafuna plasta yake anakueleza jambo. Uvimbe juu ya ukingo unaweza kuwa wa kusimama tu, lakini ukifuatana na kuchechemea zaidi, plasta inabana au imevunjika ndani.

Dalili kubwa kuliko zote ni hii: jana aliukanyaga, leo haukanyagi. Usiseme tumwangalie hadi Jumatatu. Plasta inayoshukiwa hufunguliwa. Plasta iliyobadilishwa bure ni hasara ya fedha, lakini kidonda kilichofika kwenye kano ni hasara ya farasi. Kwa mzima, kwa kawaida hubadilishwa kila wiki mbili hadi tatu. Kwa mtoto ni mapema zaidi, karibu siku 10 hadi 14, kwa kuwa anakua huku amefungwa.

Ikitolewa, usishangae kuona kifundo kimeshuka karibu kugusa chini. Kano zililala wiki zote hizo. Bandeji nzito inayopunguzwa kidogo kidogo na kiatu kilichorefushwa kwenda nyuma ya kisigino humsaidia, na nguvu hurudi kadiri anavyotembezwa.

Ghafla anaukanyaga vizuri mguu uliopasuliwa

Nimeacha nafasi kubwa hapa kwa sababu hapa ndipo furaha inapodanganya. Wiki ya tatu, saisi anakupokea mlangoni akicheka: farasi ameanza kusimama sawasawa, hata anauinua ule mguu mzima na kuupumzisha. Usicheke naye bado. Jiulize kwa nini anaupumzisha mguu mzima.

Ukwato umening'inizwa kwenye mfupa kwa tabaka laini zilizoshikana kama kurasa za vitabu viwili vilivyoingiliana. Tabaka hizo hupata damu vizuri pale mguu unapobeba na kupumzika, kubeba na kupumzika, kama ilivyo kwa kila hatua. Farasi anayeogopa mguu mmoja husimamia ule mwenzake saa 24 bila kuupumzisha. Damu inakosa nafasi, tabaka zinaachana, na mfupa unaanza kuzama ndani ya ukwato. Ugonjwa huo ni laminaitisi. Mguu "mzima" ukianza kuuma kuliko uliovunjika, farasi hurudi kwenye uliovunjika. Ndicho saisi alichokiona.

Barbaro alipita kwenye upasuaji, akapita kwenye kuamka. Mwezi Julai, laminaitisi ikaingia ukwato wa nyuma wa kushoto, ambao haukuwa umevunjika. Walihangaika naye miezi, na tarehe 29 Januari 2007 akahitimishwa.

Kwa hiyo mguu wa kuupima kila siku ni ule usio na bandeji. Shika ukwato wake kwa kiganja asubuhi na jioni. Tafuta mapigo nyuma ya kifundo, uandike kwa maneno yako: hayapatikani, hafifu, yanadunda. Pitisha kidole gumba kwenye mpaka wa nywele na ukwato kwa mbele. Ukihisi kibonde ambacho wiki iliyopita hakikuwepo, mfupa umeshuka. Hesabu pia. Simama mbali, asikuone, uangalie dakika kumi: anabadilisha uzito mara ngapi? Asiyebadilisha kabisa ananitia hofu, na anayebadilisha kila sekunde chache pia. Kulala zaidi ya kawaida ni dalili, ingawa kulala kwenyewe humpumzisha, usimwinue kwa nguvu.

Kinga huanza siku ya upasuaji. Mguu wenye plasta ni mrefu, kwa hiyo ule mzima uinuliwe kwa kiatu au kitako ili miguu ilingane. Soli ijazwe kitu laini cha kuibeba. Malalo yawe ya kina, yafike hadi mlangoni, maana farasi hupenda kusimama mlangoni na ndiko watu hupunguza maranda. Na maumivu ya mguu uliopasuliwa yatibiwe vya kutosha. Wapo wanaopunguza dawa wakiamini maumivu kidogo yatamfanya autunze mguu. Anautunza kweli, kwa kuuvunja mwenzake. Dalili ikionekana, piga simu saa ile ile, na picha ya ukwato ipigwe kwa ubavu.

Kinyesi kimepungua

Farasi hudondosha mafungu 8 hadi 12 kwa siku. Baada ya nusu kaputi, akiwa amesimama tu bandani na ana dawa za maumivu, utumbo hupungua mwendo. Hesabu mafungu kabla ya kufagia. Matano madogo, makavu, yenye utando wa kamasi, ni onyo la kuziba. Akianza kutazama ubavu, kupekecha chini kwa mguu au kukunja mdomo wa juu, ni tumbo, na farasi mwenye skrubu mguuni akigaagaa chini ni balaa mbili kwa pamoja.

Nyasi kavu zilowekwe, maji yawe safi na ya uvuguvugu kidogo wakati wa baridi, nafaka ikatwe karibu yote. Kuharisha ni kinyume chake na ni dharura kubwa zaidi: antibayotiki zaweza kuua wadudu wema wa utumbo. Mtenge, vaa glavu, piga simu. Kusaga meno na kuacha chakula katikati huashiria vidonda vya tumbo kutokana na dawa za maumivu. Usichanganye dawa mbili za kundi moja kwa kuwa moja "haifanyi kazi". Figo ndizo zitakazojibu.

Wiki kadhaa zimepita, amechechemea upya

Asisogezwe. Ikiwa ni kwa kishindo na umbo la mguu limebadilika, bamba limepinda au mfupa umeachia. Ikiwa ni pole pole, na kuna kitundu karibu na mshono kinachotoa majimaji, kinaziba, kisha kinafunguka, wadudu wamekaa juu ya chuma, na picha itaonyesha kivuli cheusi kuzunguka skrubu.

Wenye farasi hudai chuma kitolewe hapo hapo. Hapana. Bamba lenye wadudu lakini limeshika ni bora kuliko mfupa usioshikwa, kwa sababu mfupa unaocheza hauungi wala hausafiki. Daktari hufunga mpira juu ya sehemu hiyo na kuingiza antibayotiki kwenye mshipa wa mguu kwa dakika 20 hadi 30, ili dawa ikae pale kwa wingi, au huweka shanga zenye dawa kando ya bamba. Chuma hutoka mfupa ukishaunga.

Anachachamaa bandani

Kwa ufa wa kifundoni uliobanwa kwa skrubu, kwa kawaida ni bandani wiki 4 hadi 8, kisha kutembezwa kwa mkono kwa muda kama huo, kisha picha, na ndipo uwanja mdogo. Kalenda hubadilishwa na picha, si na hamu ya mwenye farasi. Kutembea huanza na dakika tano kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, si mchanga wa kina. Farasi wa wiki ya sita ni baruti: vaa kofia ngumu na glavu, mtoe baada ya kula, si kabla, na usione aibu kumwomba daktari dawa ya kumpoza.

Siku ya kumwachia peke yake mara ya kwanza, zungushia sehemu ndogo tu, yenye ukubwa wa mabanda mawili, majani yakiwa marefu na bila farasi wa kukimbizana naye jirani. Hapo ndipo njaa inapofaa. Mnyime nyasi asubuhi, mpe dawa ya kumtuliza dakika 20 kabla, mwingize, mgeuze akutazame, ndipo uvue kamba. Akiinamisha kichwa na kuanza kung'oa majani, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo.